Mchezo wangu unasema 69 ni ndogo, 70 ni kubwa. Namba yenyewe iko wapi?

Fundi Sindano aliandika:

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada kabla sijaitupa hii laptopu dirishani.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi cherehani, na kuandika programu nimeanza kujifunza huu mwezi wa pili, usiku baada ya kazi, kwa lugha ya Python. Hesabu siziogopi maana kupima ndiyo kazi yangu, ila kompyuta bado inanipiga chenga. Nimetengeneza mchezo mdogo wa kukisia namba. Kompyuta inachagua namba kati ya 1 na 100, mchezaji anakisia, inamjibu "Ndogo mno" au "Kubwa mno". Majaribio ni 7 tu. Hiyo 7 sikuiokota njiani: ukikisia katikati kila mara unakata nusu ya namba zilizobaki, na ukizikata 100 nusu kwa nusu, kisio la saba lazima likufikishe.

Mjaribu wangu ni binti yangu wa miaka kumi, na anaucheza vizuri kuliko mimi. Hakisii ovyo. Anaanza na 50, anakata katikati, na kila jibu analiandika kwenye karatasi. Jana usiku kanijia na karatasi yake mkononi: "Mama, mchezo wako unadanganya."

Nainakili ilivyo:

50 ndogo
75 kubwa
62 ndogo
68 ndogo
71 kubwa
69 ndogo
70 kubwa

Halafu skrini ikaandika: Majaribio yameisha. Namba ilikuwa 7.

Saba! Yaani 50 ni ndogo kuliko 7? Na hata tukiliacha hilo, kati ya 69 na 70 kuna namba gani nzima? Mtoto kaniuliza hivyohivyo, sikuwa na jibu, nikamwambia akalale.

Kinachonivuruga zaidi ni kwamba hakuna maandishi mekundu ya kosa. Programu inakwenda mwanzo hadi mwisho bila kulalamika. Na mara nyingi mchezo uko sawa kabisa! Tumecheza kama mara thelathini, iliyoharibika ni mitatu au minne. Kosa la kila siku ningelikamata, hili la kuja na kupotea ndilo linaninyima usingizi.

Naomba kuwasilisha.

Mpitanjia akajibu:

Hilo linajulikana mkuu. Umeweka randint, ile amri ya kuchagua namba, ndani ya kitanzi cha while, yaani mistari inayojirudia, kwa hiyo kila mtoto akikisia kompyuta inachagua namba nyingine. Itoe nje, kazi imekwisha.

Nukta Pacha akajibu:

Mpitanjia, umemwandikia dawa mgonjwa hujamwona. Kosa unalolisema lipo na wanafunzi wengi wameliangukia, lakini isome tena ile karatasi. Majibu yote saba yanaelekeza mahali pamoja: baada ya 69, kabla ya 70. Kompyuta inayobadilisha namba kila mara isingekuwa na msimamo namna hiyo. Ingesema 50 ni ndogo, mara 40 ni kubwa. Hii imeshikilia neno lake mpaka mwisho.

Dada Fundi, mpe binti hongera kwanza. Mimi nina watu kazini wanaolipwa mshahara na bado wananiletea kosa kwa maneno "haifanyi kazi", basi. Yeye kakuletea alichoingiza, alichojibiwa, na kwa mpangilio. Sasa na wewe tuletee msimbo, wote, hata mistari unayoiona haina hatia. Hasa hiyo.

Fundi Sindano akajibu:

Asanteni. Huu hapa, msinicheke.

```
import random

siri = str(random.randint(1, 100))
majaribio = 0

while majaribio < 7:
    kisio = input("Kisia namba: ")
    majaribio = majaribio + 1
    if kisio == siri:
        print("Hongera! Umepata.")
        break
    elif kisio < siri:
        print("Ndogo mno.")
    else:
        print("Kubwa mno.")

if kisio != siri:
    print("Majaribio yameisha. Namba ilikuwa", siri)
```

Randint iko nje ya while kama mnavyoona.

Niungame jambo moja. Hapo mwanzo sikuwa na lile neno str. Nilipoendesha mara ya kwanza ilinitolea maandishi mekundu, TypeError, kwamba alama ya < haiwezi kulinganisha str na int. Nikahangaika, nikaona mahali mtu anatumia str, nikaifunga namba yangu nayo. Wekundu ukapotea siku ileile. Nilifurahi mpaka nikajipikia chai usiku wa manane.

Nukta Pacha akajibu:

Chai umeinywa mapema.

Ile TypeError ilikuwa inakwambia kweli tupu: upande mmoja una namba, upande wa pili una maandishi, na mimi sijui kuvilinganisha. Kulikuwa na njia mbili za kuvipatanisha. Kugeuza maandishi yawe namba, au kugeuza namba iwe maandishi. Umechukua ya pili. Kompyuta imenyamaza kwa sababu kulinganisha maandishi na maandishi inajua vizuri sana, ila inayalinganisha kwa namna yake.

Amri ya input humletea mtu maandishi siku zote. Mtoto akibonyeza 5 na 0, programu inapokea herufi mbili, "5" na "0". Haioni hamsini. Na wewe kwa ile str umeifanya siri nayo iwe herufi. Sasa pale kwenye `kisio < siri` huulizi tena ipi ndogo. Unauliza ipi inatangulia kwenye kamusi.

Fungua kamusi uone. Sabuni inatangulia taa, ingawa sabuni ina herufi sita na taa ina tatu. Kamusi haijali urefu wa neno. Inatazama herufi ya kwanza ya kila moja, S na T, hukumu imepita. Sasa chukua taa na taabu. Zinakwenda sawa herufi tatu, kisha taa inaishiwa. Iliyoishiwa ndiyo inayotangulia.

Rudi kwa binti. Siri ilikuwa "7". Alipokisia "69", kompyuta ilitazama herufi za kwanza, 6 na 7. Sita inatangulia, kwa hiyo "Ndogo mno". Hiyo ndiyo sabuni na taa. Alipokisia "70", saba na saba zikalingana, kisha siri ikaishiwa, kwa hiyo siri inatangulia na 70 ni "Kubwa mno". Hiyo ndiyo taa na taabu.

Mpangilio ni 69, 7, 70. Ulizo la mtoto lina jibu: kati ya 69 na 70 kuna 7. Mchezo haujamdanganya hata mara moja, umemjibu swali ambalo hamkuwa mnauliza.

Na kwa nini mara chache tu? Namba zenye tarakimu mbili zikikutana zenyewe kwa zenyewe, mpangilio wa kamusi na wa hesabu ni uleule. 42 inatangulia 57 huku na huku. Matatizo huja urefu unapotofautiana. Kwa mchezaji anayeanza 50 na kukata katikati, siri zinazomletea balaa ni 2 hadi 11, na 100, ambayo kwenye kamusi imekaa kati ya 10 na 11. Hizo ni siri kumi na moja katika mia. Umesema michezo mitatu au minne katika thelathini. Pigia hesabu.

Ila usiniamini mimi, ona kwa macho yako. Kwanza mwondoe bahati nasibu kwenye mchezo: weka `siri = str(7)` pale juu ili kosa lije kila ukiita. Kisha chini ya mstari wa input ongeza:

```
    print(repr(kisio), repr(siri))
```

Hiyo repr usiiache. Ukichapisha bila yake, saba ya maandishi na saba ya hesabu zinatokea sawa kwenye skrini, nawe utakodoa macho bila faida. Kwa repr, ya maandishi inatoka imevaa alama za kunukuu. Cheza upya mchezo wa binti, uone.

Mpitanjia akajibu:

Nimekubali. Nilikimbilia kosa lililoniuma mimi mwaka ule.

Fundi Sindano akajibu:

Nimerudi. Nimefanya ulivyosema, nikaweka siri 7 na kufuata karatasi mstari kwa mstari. Majibu saba yakatoka yaleyale. Sijawahi kufurahia kosa kiasi hiki! Kosa likija unapoliita linakuwa kama sindano iliyodondoka sakafuni ukasikia ilipoangukia.

Na zile alama nimeziona: `'69' '7'`. Zote mbili zimevaa.

Hapo nikaelewa kwa kifundi. Tepu yangu ya kupimia ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. 40 ya huku na 40 ya kule zinaandikwa vilevile kabisa, tena kwa wino uleule. Mwanafunzi akinipimia kiuno kwa upande mmoja na nyonga kwa upande wa pili, daftari halimwambii lolote, namba zimekaa zimetulia. Sketi ndiyo itakayosema. Mimi nilikuwa na tepu yenye pande mbili na sikujua kwamba kuna kuigeuza.

Nimeondoa str, nikageuza maandishi yawe namba: `kisio = int(input("Kisia namba: "))`. Siri 7 imepatikana kwa makisio sita: 50, 25, 12, 6, 9, 7. Mtoto karidhika.

Aliridhika dakika tano. Akaandika "saba" kwa herufi, makusudi, huku ananitazama. Maandishi mekundu, ValueError, mchezo ukafa katikati. Akajaribu tena kwa kubonyeza Enter bila kuandika kitu, ukafa tena. Huyu mtoto nimlipe au nimfukuze?

Kobe Mwendo akajibu:

Mlipe, dada. Siku ukiwa na watu wengine wanaoucheza, watafanya yote hayo bila kukutazama usoni.

Int inajua kusoma "7", hata " 7 " yenye nafasi pembeni, hata "07". "Saba" haijui, na mstari mtupu haiujui. Ikishindwa inatupa ValueError, na isipopata wa kuidaka programu inasimama. Idake:

```
while majaribio < 7:
    try:
        kisio = int(input("Kisia namba: "))
    except ValueError:
        print("Andika namba kwa tarakimu.")
        continue
    majaribio = majaribio + 1
```

Chini yake acha if na elif zako kama zilivyo.

Angalia mahali palipokaa mstari wa kuongeza majaribio. Uko baada ya kudaka. Ukiupandisha juu ya try, mtoto atakayeteleza kidole atakatwa jaribio moja kwa kosa la kibodi, na kwa makisio saba hana hata moja la kupoteza. Continue inamrudisha juu ya kitanzi kabla hajafika kwenye hesabu.

Neno lingine. Usiandike `except:` peke yake bila ValueError, hata ukiona wengine wanaandika. Hiyo inameza kila kosa, pamoja na makosa yako mwenyewe ya kuandika jina la kigeu vibaya, na utarudi palepale pa kushangilia ukimya. Mimi niliwahi kukesha usiku mzima na kitanzi kilichokuwa kinasema "Andika namba" kwa kila nilichoandika, namba kwa namba. Kumbe ndani ya try nilikuwa nimeandika "kiso" badala ya "kisio". Kosa lilikuwa linapiga kelele na mimi ndiye niliyeliziba mdomo.

Babu wa Python akajibu:

Nyie mna bahati. Mimi nilijifunza kwenye Python 2, kabla wengi wetu hatujahamia 3 iliyotoka 2008. Kule ukilinganisha namba na maandishi hupati TypeError wala nini. Kila namba ilihesabiwa kuwa ndogo kuliko kila maandishi, basi, mjadala umefungwa. Nilitengeneza mchezo huuhuu, siri ikiwa namba na kisio likiwa maandishi. Nikakisia 50, "kubwa mno". 25, kubwa mno. Nikateremka mpaka 1, kubwa mno! Nikaandika 0, nikaandika hasi mia, bado kubwa. Nikadhani nimevunja hesabu ya dunia. Yale maandishi mekundu mnayoyakimbia, sisi tungeyalipia.

Dada Fundi, kuna mtego mwingine nikuwahi. Faili lako limeitwaje? Usiliite random.py. Ukiliita hivyo, mstari wa import random utaleta faili lako lenyewe badala ya ile ya Python, na utaambiwa randint haipo, wakati unaiona kwenye kila mfano.

Asiye na Subira akajibu:

Sasa jamani, siku zote hizi kwa mchezo wa kukisia namba? Iko mingi imeshatengenezwa, si upakue tu mmoja mtoto acheze.

Fundi Sindano akajibu:

Nguo zilizoshonwa tayari zipo tele pia, na bado watu wananiletea vitambaa.

Babu, faili linaitwa kisia.py, nimepona. Kobe, nimeweka try na ValueError yake. "Saba" inarudishwa kwa adabu na jaribio halikatwi, nimehakikisha kwa kuandika upuuzi mara kumi mfululizo.

Swali la mwisho kabla sijawaacha: nitajuaje kwamba sasa ni salama kweli? Ile ya kwanza nayo ilionekana salama.

Nukta Pacha akajibu:

Usicheze mara mia ukisubiri bahati. Ibane siri kwa mkono, moja baada ya nyingine, kwenye zile kingo: 1, 9, 10, 99, 100. Hapo ndipo urefu wa namba unapobadilika na ndipo masafa yako yanapoanza na kuishia. Katikati, 42 au 57, jaribu moja tu, haina habari mpya. Kila siri ikisie kwa kukata katikati. Ikikuhitaji zaidi ya makisio saba, rudi hapa na karatasi.

Kisha kumbuka kurudisha random.

Fundi Sindano akajibu:

Zote tano zimepita. 100 ilichukua makisio saba kamili: 50, 75, 88, 94, 97, 99, 100. Binti kaandika karatasi nyingine, kaigonga muhuri wa kuchora kwa kalamu nyekundu, "IMEPITA".

Random nimerudisha, namshukuru aliyenikumbusha. Jioni nikamwachia mchezo nikaenda kumalizia kazi ya mteja. Kwa mbali nasikia "Hongera! Umepata." Anaisoma kwa sauti. Baada ya sekunde chache tena, "Hongera!" Mara ya tatu, kwa kisio moja. Nikaacha pindo nusu, nikasema lazima randint imeharibika, inachagua namba moja kila siku. Nikaanza kuandika ujumbe wa kuja kuwasumbua tena.

Nikamuuliza, unajuaje? Akanionyesha skrini bila hata kugeuka. Ule mstari wa repr sikuufuta, ila nilipokuwa nabana zile kingo niliuondolea kisio nikauhamishia juu ya while nione siri imekaa sawa. Unamwandikia jibu kabla hajaulizwa.

Anasema niuache ulivyo, sasa hivi ndiyo mchezo umekuwa mzuri.